Shajara ya mradi: plazimidi, kuku wa kienyeji na sifuri kumi

Wiki ya 1

Naanza kuandika hii maana mradi uliopita nilitunza kila kitu kichwani, ikafika mahali mpaka siku tuliyochanja nikawa naulizia watu. Safari hii kila wiki nitaandika, hata kama ni mistari miwili.

Tunajaribu chanjo ya DNA ya mdondo kwa kuku wa kienyeji. Wengine mnaita kideri, ni ugonjwa uleule, kuku anasinzia, anaharisha kijani, shingo inapinda, na ukiamka asubuhi banda limepukutika. Chanjo tulizozoea unampa kuku kirusi chenyewe, ama kimepungua makali ama kimeshauawa. Hii humpi kirusi kabisa, unampa maelekezo ya kutengeneza kipande kimoja tu cha kirusi, yameandikwa kwenye kiduara cha DNA kinachoitwa plazimidi, unachoma kwenye msuli, seli za msuli zinayasoma na kutengeneza hiyo protini zenyewe, halafu mwili unashtuka, huyu mgeni katoka wapi, unaanza kuandaa askari. Na kwa vile protini imetengenezwa ndani ya seli, sio imeletwa kutoka nje, hupati kingamwili za kwenye damu peke yake, unapata na zile seli za kinga zinazoua seli iliyoambukizwa. Ndio kitu kilichowapagawisha watu tangu mwanzo.

Kwanini kuku? Jibu la kwenye karatasi ni refu, jibu la ukweli ni hela. Dokta anayenisimamia roho yake iko kwenye ndigana kali ya ng'ombe, ila bei ya ndama mmoja wa majaribio naweza kufuga kuku msimu mzima. Akasema tujifunze makosa kwa kuku, ng'ombe watatukuta tumeshaiva.

Wiki ya 2

Wiki ya kusoma tu, sijagusa pipeti.

Nilidhani haya mambo ni ya juzi kumbe ni ya zamani. 1990 kuna watu Marekani walichoma DNA tupu kwenye msuli wa panya na msuli ukaanza kutengeneza protini, bila mbwembwe yoyote. 1993 panya wakakingwa mafua kwa njia hiyohiyo. Kila mtu akasema basi, chanjo zimepata dawa. Halafu kimya, maana walipopeleka kwa wanyama wakubwa mambo yakawa mazito. Panya unamwingizia maji yenye DNA mpaka msuli unavimba, presha yenyewe inasaidia kusukuma plazimidi ndani ya seli. Ng'ombe je? Kale kasindano ni sawa na kutemea mate ziwani. Plazimidi nyingi zinakatwakatwa nje ya seli kabla hazijafika popote, na chache zinazoingia bado zina safari ya mpaka kwenye kiini cha seli.

Walioshinda kwanza huwezi kuwadhania, samaki na farasi. 2005 Marekani walipitisha chanjo ya DNA ya farasi ya virusi vya West Nile na mwaka huohuo Kanada wakapitisha ya samaki samoni wa kufugwa, sindano moja ya msuli basi. Ulaya nao 2017 wakapitisha nyingine ya samoni. Samaki anaitika hii kitu vizuri ajabu, kipimo kidogo tu. Kwa kuku kuna Wajapani 1996 walitumia jeni ya F, yaani maelekezo ya protini moja ya ngozi ya kirusi cha mdondo, na kuku wakakingwa, ndio maana na sisi tumeanza na F. Kwa hiyo hatuvumbui gurudumu, tunataka kuona kama tunaweza kulitengeneza hapahapa na vifaa vyetu hivi hivi vya kubangaiza.

Nimesoma pia ndigana kwa ajili ya Dokta. Chanjo iliyopo, ile iliyoanzia Muguga kule Kenya miaka ya 1970, ukiwaeleza watu hawaamini, unamchoma ng'ombe vimelea hai vya ugonjwa wenyewe na wakati huohuo unampiga oksitetrasaikilini, antibayotiki ya kukaa mwilini muda mrefu, ili augue kidogo asife. Inafanya kazi, wafugaji wa Kimasai huku wanaitafuta wenyewe na kulipa. Tatizo lazima ikae kwenye naitrojeni ya maji mpaka inafika bomani, na kuitengeneza unahitaji ng'ombe, kupe, sungura, vurugu tupu. Sasa mtu ukifikiria plazimidi iliyokaushwa ndani ya kichupa mfukoni unaelewa Dokta anaota nini usiku.

Wiki ya 4

Jeni ya F tumeitoa kwenye kichupa cha I-2, chanjo ya mdondo ya kirusi hai kisicho kikali, ile ile ya matone ya macho. Sikutaka kugusa kirusi kikali cha mitaani, hatuna maabara ya kiwango hicho na mimi nina watoto. Urefu wake herufi 1662, kwenye jeli ya kupanga DNA kwa urefu ikatoka palepale inapotakiwa, nikapiga picha nikaituma kwenye grupu la familia, hakuna aliyeelewa ila dada yangu akaweka moyo.

Ubaya ulianza baada ya hapo. Ili jeni ikae kwenye plazimidi unakata ncha zote kwa vimeng'enya, na inatakiwa uwe na viwili tofauti ili iingie upande mmoja tu. Kimoja nilikuwa nacho, cha pili kilikuwa kimekwama kwenye mzigo usiojulikana uko wapi. Kiherehere changu nikasema si nitumie kimoja tu pande zote, itaingia. Ikaingia kweli. Nikaotesha bakteria, makoloni yakatoka mazuri, nikatoa plazimidi kwenye makoloni sita, nikapeleka kusomwa mpangilio. Majibu yanarudi, yote sita jeni imeingia kichwa chini miguu juu. Ni sawa na kumpa mtu barua umeishika kinyumenyume halafu unashangaa hajibu. Wiki mbili zimeenda hivyo.

Wiki ya 5

Kimeng'enya kimefika. Nimerudia. Imekaa sawa. Sina la kuongeza.

Wiki ya 7

Kuzidisha plazimidi. Kazi inafanywa na bakteria, unawapa supu yao na antibayotiki ya kanamaisini kidogo ili abaki yule tu aliyebeba plazimidi yako, unawaweka nyuzi 37 wanatikiswa usiku kucha, asubuhi unawavuna. Jumanne umeme ulikatika saa sita usiku ukarudi alfajiri. Nimefika asubuhi chupa zimetulia kama chai iliyopoa, bakteria wamekaa chini kama mashapo ya togwa. Tulipovuna tukapata kiduchu na kwenye jeli nusu yake sio ile iliyojisokota vizuri, imelegea. Plazimidi iliyojisokota inatembea mbele kwenye jeli, iliyolegea inabaki nyuma, kwa hiyo unaona mistari miwili unajua umeibiwa. Nimemwaga, nimeanza upya, na sasa jenereta nina namba ya mlinzi anayeiwasha.

Kitu kingine nimejifunza kwa shida ni kusafisha. Bakteria wenyewe wana sumu kwenye ganda lao, ukiichoma kwa kuku pamoja na plazimidi unapata homa na uvimbe halafu unashangilia kinga imeamka kumbe ni uchafu. Kwa hiyo seti ya kawaida ya dawa na vifaa vya kutoa plazimidi haitoshi, inatakiwa ile inayoondoa hizo sumu, na bei yake bora nisiseme.

Wiki ya 9

Kabla hujamchoma kuku unatakiwa uhakikishe plazimidi inaongea. Tumeiingiza kwenye seli za kufuga kwenye sahani, siku mbili, tukazipasua na kutafuta protini kwa kingamwili. Mstari umetoka kwenye uzito wa kilodalitoni 66 hivi, hafifu ila upo, na kwenye plazimidi tupu, isiyo na F, hakuna kitu. Mzee Pipeti, fundi wetu wa maabara ambaye yuko hapa tangu mimi niko shule ya msingi, aliinua karatasi kwenye taa akakunja uso kama anakagua noti feki, halafu akasema "upo". Akisema yeye upo, upo.

Wiki ya 10

Vifaranga. Nilitaka wa kienyeji sio wa kisasa maana ndio wanaofugwa na watu wetu, kwa hiyo mayai tumenunua kwa bibi mmoja kijijini ambaye kuku wake asili yao ni Singida, tukayaangulia kwenye inkyubeta yetu.

Bibi hajawahi kuchanja kuku maisha yake yote. Nikafurahi, nikasema hawa watakuwa hawana kingamwili za mdondo hata chembe. Mzee Pipeti akacheka. Akasema mwanangu, matetea waliobaki kwenye banda la bibi ni wale walioponea mdondo, na aliyeponea anawawekea watoto wake kingamwili kwenye kiini cha yai. Tukapima wakiwa wadogo, kweli wanazo. Ukichanja wakati huo kingamwili za mama zinakuharibia hesabu, lazima usubiri zishuke, kila siku nne tano zinapungua nusu. Basi tumekaa tunawalisha pumba na kuwaangalia wakikua, bajeti ya chakula inalia.

Bibi naye alikuwa na maswali yake. Nimemwamkia, kaitika, kisha akauliza hiyo sindano yenu ndio ile ya kubadilisha kuku awe kuku mwingine? Nikamwambia hapana bibi, ile DNA haijiandiki kwenye urithi wa kuku, inakaa pembeni ndani ya seli, inafanya kazi muda kidogo halafu inapotea, na DNA tunakula kila siku kwenye ugali na mchicha. Akaonekana kuridhika. Kilichomkera ni nilipomwambia kwamba kwa sheria za majaribio kuku wote mwisho watateketezwa, hawaliwi. "Mjukuu wangu, mnachoma kuku wazima?" Hilo sikuwa na majibu nalo.

Wiki ya 14

Hatimaye tumechanja. Makundi matatu ya kuku kumi kumi. Kundi la kwanza plazimidi yenye F, la pili plazimidi tupu, la tatu tone la I-2 jichoni. Wa sindano kila mmoja mikrogramu 100 kwenye msuli wa kidari.

Sasa nimeona kwa macho kitu ambacho kwenye makala hawaandiki. Kundi la tatu nimelimaliza chini ya dakika kumi, unashika kichwa, unadondosha tone, unasubiri apepese, mwachie. Kundi la kwanza na la pili limenichukua asubuhi nzima, kushika, kutanua manyoya, kupangusa spiriti, kuchoma, sindano mpya kila kuku, mmoja kanikwaruza mkono kwa ukucha mpaka damu. Na hawa ni ishirini tu tena wamefungiwa, sio wale wanaolala juu ya mwembe.

Wiki ya 17

Dozi ya pili. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyevimba. Jogoo wa kundi la pili kaanza kuwika saa tisa usiku.

Wiki ya 19

Hii wiki naiandika kirefu maana nusura niache shule.

Tumetoa damu, tumetenga serumu, yale maji ya damu yenye kingamwili, nikapanga kipimo cha HI ambacho ndio kipimo cha mdondo duniani kote. Kwa wasiokijua, kirusi cha mdondo kina tabia ya kugandisha chembe nyekundu za damu ya kuku. Unachukua sahani ya vishimo 96 chini vimechongoka, unaweka serumu unaipunguza nusu kwa nusu kwenda mbele, unaongeza kirusi, unasubiri nusu saa, unaongeza damu ya asilimia moja. Kama serumu ina kingamwili, kirusi kinakamatwa, damu inashuka chini inakaa kama kidonge chekundu kidogo, na ukiinamisha sahani kile kidonge kinatiririka kama chozi. Kama haina, kirusi kinazishikanisha chembe, damu inatanda kishimo kizima kama utando wa buibui. Kipimo cha bei rahisi, hakihitaji mashine, macho yako tu na dirisha.

Kundi la I-2 vidonge safi, machozi yanatiririka, mpaka kishimo cha sita cha saba. Plazimidi tupu, utando, kama inavyotakiwa. Kundi la F, utando. Kuku wa kwanza utando, wa pili utando, mpaka wa kumi. Sifuri kumi. Nikarudia siku ya pili na damu mpya, sifuri kumi. Nikakaa chini ya lile dirisha nikaanza kupiga hesabu ya miezi na hela, na nitamwambia nini Dokta, na nitamwambia nini mke wangu aliyekuwa anauliza kila siku hizo kuku zitaisha lini.

Mzee Pipeti akaja na kikombe chake cha chai ya rangi. Kaangalia sahani, kaniangalia mimi.

"Hivi hawa uliwapa nini?"

"F, Mzee."

"Na hiki kipimo kinapima nini?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Jamani. Kinachokamata chembe nyekundu za damu kwenye kirusi cha mdondo sio F, ni HN, protini nyingine kabisa. F kazi yake ni kuunganisha ngozi ya kirusi na ngozi ya seli ili kiingie ndani. HI inapima kingamwili zinazoizuia HN isishike damu. Kuku wangu hawajawahi kuiona HN maishani mwao, hata wangekuwa na kingamwili za F za kujaza ndoo, kipimo hiki kitasema sifuri mpaka kesho kutwa. Nimelijua hili tangu mwaka wa kwanza wa masomo, nimeshalijibu kwenye mtihani, na bado nimepanga kipimo kwa mazoea kwa sababu ndicho kila mtu anafanya.

Mzee hakunicheka, alisema tu "kanunue Elisa", kipimo kingine cha kingamwili, akaondoka na chai yake.

Wiki ya 20

Nimelala juu ya jambo lile siku kadhaa na sasa naliona kwa upande wa pili, na upande wa pili ni mtamu.

Fikiria wakaguzi wanaotaka kujua kama mdondo unazunguka eneo fulani. Ukichanja kwa I-2 au chanjo yoyote ya kirusi kizima, kuku wote wanakuwa chanya kwenye HI, huwezi kumtofautisha aliyechanjwa na aliyeambukizwa. Lakini kuku aliyechanjwa F peke yake ni sifuri kwenye HI. Siku akionyesha kidonge chekundu ujue kirusi cha mitaani kimempitia. Yaani zile sifuri kumi zilizoninyima usingizi ndio faida kubwa ya chanjo yenyewe, na kipimo cha kuwatofautisha ni kilekile cha bei rahisi ambacho kila maabara ya mifugo inacho. Nilimwandikia Dokta aya ndefu, akajibu "Vizuri. Sasa onyesha kwamba kinga ipo."

Wiki ya 21

Elisa. Sahani hii imepakwa kirusi kizima kwa hiyo kingamwili za F nazo zinashika. Ukiweka rangi inaanza bluu, ukiongeza tindikali inageuka njano, na mashine inasoma unjano. Kundi la I-2 njano ya embe dodo. Plazimidi tupu maji. Kundi langu, zaidi ya nusu wana njano, wengine kama chai ya mchaichai, wawili watatu ni maji kabisa kama hawajawahi kuniona.

Kwa hiyo plazimidi inafanya kazi, inaamsha kitu, ila kwa unyonge na sio kwa wote. Ndio hadithi ileile niliyosoma wiki ya pili, sasa imetokea kwenye mikono yangu. Na kingamwili peke yake sio kinga, ushahidi kamili ni kuwapa kirusi kikali uone nani anabaki, na hilo hatufanyi hapa. Kinachofuata ni kubadilisha herufi za jeni ziwe zile seli za kuku zinazozipenda bila kubadilisha protini, na kujaribu sindano ya kwanza plazimidi halafu ya pili protini yenyewe, njia ambayo wengi wamepata nguvu zaidi. HN naiacha makusudi. Mwezi uliopita ningeiongeza haraka haraka.

Swali ambalo sipendi kuliandika ila nitaliandika. Kwa mdondo wa kijijini, hii chanjo itashindana na tone la jicho ambalo ni la bei ya chini, linavumilia kukaa nje ya friji siku kadhaa ukilifunga kwenye kitambaa kibichi kivulini, na mama yeyote anaweza kulidondosha mwenyewe kila baada ya miezi minne. Pale kwenye joto, ambako chanjo za DNA hujisifia sana, I-2 imeshafika zamani. Nadhani mahali pake hasa ni kule kusiko na tone, kwenye ndigana. Hapo Dokta alikuwa sahihi na mimi nilidhani anabana hela tu.

Wiki ya 22

Bibi kanipigia simu, anasema mdondo umeingia kijiji cha jirani, watu wanauza kuku kwa bei ya kutupa kwenye matenga barabarani. Anauliza ile sindano yangu iko tayari?

Nikamwambia bibi sindano bado, ila usinunue kuku yeyote mnadani na walio wazima wafungie, nakuja jioni. Nimepitia duka la dawa za mifugo nikachukua vichupa vya I-2, nikavifunga kwenye leso iliyolowa, nikapanda bodaboda. Tumesubiri mpaka kuku wamepanda kulala maana mchana hushiki hata mmoja, bibi anamulika na simu, mjukuu wake anawashusha mwembeni mmoja mmoja, mimi nadondosha. Tone, apepese, mwachie. Nimemwambia inachukua wiki moja mpaka mbili kinga kushika, akasema basi tuombe Mungu kirusi kije kwa miguu. Tumehesabu arobaini na tatu, na mmoja kaanguka gizani hatukumpata.